Mguu Mkavu Ndio Mguu Wenye Joto



Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya miguu. Huenda baadhi yenu mtacheka na kusema kwamba tumekosa la kuandika. Lakini mama anayeishi Njombe, Makete, Mufindi au Lushoto hatacheka, wala jirani zetu wa Limuru na Kinangop kule Kenya. Hao wanaijua vizuri miezi ya Juni, Julai na Agosti. Wanaijua ile alfajiri ambayo ukungu umeshuka hadi kwenye paa la nyumba, nyasi zimelowa umande kana kwamba zimemwagiwa maji kwa ndoo, na baba anatoa baiskeli nje akiwa na madumu ya maziwa kwenye keria.

Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo, upande wa Makete, uko karibu meta 2,600, na asubuhi nyingine za Juni na Julai umande huganda juu ya majani ukawa mweupe. Kwa kawaida, kila tunapopanda meta 1,000 joto la hewa hupungua kwa nyuzi sita hivi. Ndiyo maana ndugu yetu wa Dar es Salaam huja kututembelea na shati la mikono mifupi, akaondoka na sweta ya kuazima.

Ni kweli kwamba siku hizi bodaboda zimejaa hadi vijijini. Hata hivyo, baiskeli bado inabeba nyumba nyingi. Inapeleka maziwa kituoni, viazi sokoni, mahindi mashineni na kijana shule ya sekondari iliyo mbali. Na mengi tutakayoyasema yanamfaa mwenye bodaboda pia.

Si jambo la starehe

Wako wanaodhani kwamba kutaka miguu iwe na joto ni kujidekeza. Hapana. Mguu uliokufa ganzi hausikii pedali. Huteleza, na mtu akiwa anashuka mlima na mzigo wa kilo 50 nyuma yake, kuteleza kidogo kunatosha kumwangusha. Tena breki nyingi za baiskeli zetu hubana rimu ya chuma, na rimu hiyo ikilowa breki haishiki vizuri. Siku kama hiyo dereva anahitaji miguu iliyo hai, iwahi kugusa ardhi inapobidi.

Halafu kuna madhara yanayokuja polepole. Mguu unaolowa kila siku na kukaa katika unyevu hupata fangasi, hupasuka katikati ya vidole, na mipasuko hiyo huwa mlango wa vijidudu vingine. Kwa mtu mwenye kisukari hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu anaweza kuwa na kidonda asikisikie. Kidonda kidogo kisichotunzwa kimewafikisha wengi mahali pa kukatwa mguu. Na nyumba ambayo baba hawezi kutembea, au mama hawezi kwenda shambani, ninyi mnaijua hali yake.

Kwa nini miguu ndiyo hulalamika kwanza?

Mungu ameumba mwili wenye busara yake. Moyo, mapafu, ini na ubongo lazima vibaki na joto, la sivyo mtu atakufa. Kwa hiyo baridi inapozidi, mishipa midogo ya damu iliyoko mikononi na miguuni hujibana ili damu yenye joto ibaki katikati ya mwili. Ni kama mama mwenye blanketi moja usiku wa baridi. Atamfunika kichanga kwanza, na yule mkubwa atajikunyata. Miguu ndiyo mtoto mkubwa wa mwili, na ndiyo hunyimwa kwanza.

Anayeendesha baiskeli ana shida tatu zaidi ya zile za anayetembea. Ya kwanza ni upepo. Hata kama asubuhi imetulia kabisa, mtu akienda mwendo wa kilometa 15 kwa saa anajitengenezea upepo wa mwendo huohuo, nao unampiga miguuni muda wote. Ya pili ni utulivu wa vidole. Anayetembea hukunja na kukunjua vidole kila hatua, na damu husukumwa. Lakini juu ya pedali paja ndilo linalofanya kazi. Vidole vimekaa tu, tena juu ya chuma baridi. Ya tatu ni maji. Gurudumu la mbele huchota maji na tope na kuyatupa moja kwa moja kwenye viatu.

Katika hayo matatu, maji ndiyo adui mkubwa. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Mtu aliyevaa soksi iliyolowa ni kama amefunga miguu yake kwa kitambaa cha kupozea. Na maji hayo si ya mvua peke yake. Jasho pia ni maji. Wako wanaovaa buti lisiloingiza hata tone moja, na bado wanafika miguu imelowa kwa sababu jasho limekosa pa kutokea. Kwa hiyo tunaposema mguu wenye joto, tuanze kusema mguu mkavu.

Somo kutoka kwenye mahandaki

Katika Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa kuanzia mwaka 1914 hadi 1918, askari waliokuwa Ufaransa na Ubelgiji walikaa siku nyingi katika mahandaki yaliyojaa maji na tope. Makumi ya maelfu yao waliugua miguu. Miguu ilikufa ganzi, ikavimba, ikabadilika rangi, na wengine walikatwa vidole au miguu mizima. Ugonjwa huo ukaitwa mguu wa handaki. Tena haukuhitaji barafu. Maji baridi na muda mrefu vilitosha.

Majeshi yalijifunza njia za kuupunguza. Askari walipewa soksi kavu za kubadilisha, wakaamriwa kukausha miguu na kuipaka mafuta. Na pia walipangwa wawili wawili, kila mmoja akiwajibika kuiangalia miguu ya mwenzake. Mguu uliokufa ganzi haumwiti mwenyewe, na mtu aliyechoka havui viatu vyake kujikagua. Ilibidi awepo mwingine wa kuutazama.

Akina mama, kama jeshi lililokuwa vitani liliona kwamba mtu anahitaji mwenzake wa kumwangalia miguu, sisi tulioitwa kuwa mwili mmoja tutasema nini?

Kazi huanza usiku

Asubuhi saa kumi na moja si wakati wa kutafuta soksi gizani. Mambo haya yaandaliwe kabla ya kulala.

Soksi. Soksi za pamba ni nzuri wakati wa joto, lakini pamba hunywa maji na ikilowa haitunzi joto tena. Soksi za sufu zinaweza kunyonya unyevu hadi karibu thuluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba zimelowa, na hata zikilowa bado hutunza joto kiasi. Kwenye mitumba zipo, tena kwa bei nafuu. Ukiwa na shaka, lowesha sehemu kidogo uinuse. Sufu halisi ikilowa hutoa harufu ya kondoo. Akina mama wanaofuma wanaweza kufuma wenyewe. Nyuzi nyingi za madukani si sufu halisi, lakini hata hizo hazinywi maji kama pamba.

Jambo kubwa kuliko aina ya soksi ni kuwa na jozi mbili. Moja avae, nyingine ikae kavu ndani ya mfuko kwenye koti lake. Akifika kituo cha maziwa au kazini, avue ile iliyolowa, ajifute, avae kavu. Katika yote tutakayoyataja leo, hiyo soksi ya akiba ndiyo yenye faida kubwa kwa gharama ndogo.

Viatu. Wengi hudhani kwamba baridi ikizidi waongeze soksi mbili au tatu ndani ya kiatu kilekile. Matokeo yake kiatu kinabana, damu inashindwa kupita, na mguu unakuwa baridi kuliko mwanzo. Kipimo ni hiki: ukiwa umevaa soksi nzito na kufunga kamba, vidole vyote viweze kucheza. Ukienda kumnunulia mtu viatu vya baridi, mwende naye jioni, wakati mguu umejaa kidogo kwa kazi za mchana, na mchukue soksi zile nzito za kujaribia.

Gambuti huzuia maji ya nje vizuri sana, lakini hufungia jasho. Kata kipande cha blanketi kuukuu au cha boksi gumu kwa umbo la unyayo, uweke ndani. Kitanyonya jasho na kuzuia ubaridi wa pedali usipande. Kila usiku kitoe kikauke. Cha boksi kikichakaa, kata kingine.

Mfuko wa mkate. Kwa mwenye viatu vya kawaida au raba, mfuko wa plastiki uliofungiwa mkate unasaidia sana. Anavaa soksi, anaingiza mguu kwenye mfuko, kisha anavaa kiatu. Upepo na maji havifiki kwenye soksi. Ila hii ni kwa safari fupi, na akifika autoe mara moja, maana jasho nalo limenaswa humo. Tukumbuke pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, Kenya tangu mwaka 2017 na Tanzania tangu 2019, kwa hiyo tutumie vile vifungashio ambavyo tayari vimeingia nyumbani na chakula. Mifuko iliyowekwa mbolea au dawa za mimea isiguse miguu ya mtu kabisa.

Madigadi. Tazama baiskeli yenu. Kama madigadi ya mbele imeishia juu, au haipo kabisa, hapo ndipo maji yanapotokea. Kata kipande cha tyubu kuukuu au cha dumu lililotoboka, kifungwe kwa waya kwenye ncha ya chini ya madigadi ya mbele, kining'inie hadi kubaki shubiri moja kutoka ardhini. Kazi ya robo saa, na miguu inapona msimu mzima.

Suruali. Mvua ikinyesha, maji hutiririka kutoka kwenye koti hadi kwenye suruali, na kama suruali imechomekwa ndani ya buti, buti hugeuka ndoo. Suruali ikae nje ya buti. Ili isinaswe na mnyororo, ifungwe kwa ukanda wa tyubu juu ya kifundo.

Safarini

Miguu hupata joto kutoka katikati ya mwili. Kwa hiyo anayetoka alfajiri anywe kwanza uji wa moto, avae kofia na sweta, na kifua kikingwe na upepo. Kurasa chache za gazeti chini ya koti zinazuia upepo kuliko unavyofikiri. Kifua kikiwa na joto, mwili hauogopi kupeleka damu miguuni.

Akiwa njiani, awe anachezesha vidole ndani ya viatu. Na kama vinaanza kufa ganzi, ashuke aikokote baiskeli kwa mwendo wa dakika tano au kumi, hasa penye mlima. Kutembea kutairudisha damu. Asione aibu. Wanaoendesha baiskeli kwenye theluji hufanya hivyohivyo. Kule Oulu, nchini Finland, ambako theluji hukaa miezi mingi, watu wazima na watoto huendelea na baiskeli zao majira yote ya baridi, hata mwaka 2013 mji huo uliandaa mkutano wa kimataifa kuhusu jambo hilo. Kwa hiyo mama mwenye binti masomoni Uholanzi au Denmark anaweza kumwandikia haya tunayoandika leo, nayo yatamfaa: kiatu chenye nafasi, soksi ya sufu, madigadi ndefu na soksi ya akiba.

Na ile desturi ya kupitia kilabuni ili kupata joto ni udanganyifu. Pombe, iwe ulanzi au ya dukani, hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Mtu husikia joto usoni huku mwili wake ukipoteza joto kwa haraka zaidi. Huyo ndiye hukutwa kando ya njia asubuhi.

Watoto wasisahauliwe

Mtoto anayebebwa kwenye keria hupata baridi kuliko anayeendesha, kwa sababu yeye hafanyi kazi yoyote na miguu yake inaning'inia kwenye upepo. Avishwe soksi nzito na viatu vilivyofungwa, na miguu yake iwekwe mbali na spoku. Kichanga aliyebebwa mgongoni naye, mara nyingi mwili wote umefunikwa vizuri na miguu miwili imetokeza chini ya kitenge. Mguse. Kama miguu ni baridi, mvishe soksi na ushushe kitenge.

Mwanafunzi anatakiwa shuleni avae viatu vyeusi na soksi nyeupe. Akitoka navyo nyumbani atapita kwenye majani yenye umande na kukaa darasani hadi mchana miguu ikiwa imelowa. Ni afadhali atoke na gambuti au katambuga, viatu vya shule na soksi vikiwa vikavu ndani ya mfuko, abadilishe akifika getini. Mzazi akizungumza vizuri na mwalimu wa darasa, bila shaka patapatikana kona ya kuweka gambuti hizo.

Akirudi nyumbani

Hapa ndipo wengi wetu huharibu kwa upendo. Baba amerudi anatetemeka, nasi tunamletea maji ya moto sana au kumsogezea miguu kwenye moto. Mguu uliokufa ganzi hausikii kuungua, na wako waliopata malengelenge makubwa kwa njia hiyo. Hata usipoungua, joto la ghafla linaweza kuleta vivimbe vyekundu vinavyowasha na kuuma. Maji yawe ya uvuguvugu. Yapime kwa kiwiko chako, kama unavyopima maji ya kumwogeshea mtoto. Usiisugue miguu kwa nguvu. Ikishapata joto, ikaushwe kwa taulo, na katikati ya vidole pafutwe kimoja kimoja. Mwisho avae soksi kavu.

Mpelekeni hospitali bila kuchelewa ikiwa miguu bado ina ganzi baada ya kupata joto, au imebadilika rangi ikawa nyeupe sana, ya buluu au nyeusi, au ina malengelenge, kidonda chenye harufu au uvimbe unaopanda. Mwenye kisukari aangaliwe nyayo kila siku, baridi isiwe baridi.

Viatu vilivyolowa vijazwe karatasi za gazeti. Baada ya saa moja au mbili zitoe, uweke nyingine kavu. Karatasi zinazong'aa hazinywi maji, hizo uziache. Usivianike viatu karibu na moto, kwani ngozi hupasuka na gundi ya soli huachia. Viweke mahali penye hewa, na jua likitoka vitoe nje.

Hapa tunataka tuseme jambo moja kwa uzito. Kila msimu wa baridi wako wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, ili kukausha nguo na viatu na kupata joto la kulalia, halafu wanafunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Mtu husikia kichwa kuuma na usingizi mzito, kisha haamki. Familia nzima inaweza kuisha usiku mmoja. Akina mama, jiko lisilale ndani. Afadhali viatu vibichi kuliko msiba.

Ukiona katikati ya vidole pamekuwa peupe, panawasha na kupasuka, hiyo ni fangasi. Osha, kausha vizuri, paka dawa kama Whitfield au clotrimazole, ambazo hupatikana katika maduka ya dawa, na uendelee kupaka wiki mbili hivi hata baada ya kuwasha kuisha. Wengi huacha mapema na ugonjwa hurudi. Taulo na soksi za mgonjwa zisitumiwe na wengine.

Baba akikataa je?

Tunajua wako akina baba watakaosema, "Mwanamume gani anaangaliwa miguu?" Usibishane naye. Usimwambie mbele ya watoto kwamba miguu yake inanuka, hapo atafunga kamba na hutaviona viatu hivyo vikivuliwa tena. Weka beseni, weka maji ya uvuguvugu, weka taulo. Maji yenyewe yatamwita.

Hata Petro alikataa. Katika Yohana sura ya 13 tunasoma jinsi Bwana wetu alivyoinuka chakulani, akajifunga taulo, akawaosha wanafunzi wake miguu, na Petro akaona haistahili. Ibrahimu, katika Mwanzo sura ya 18, alipopata wageni jambo la kwanza lilikuwa maji ya miguu. Na Paulo, akimwandikia Timotheo juu ya wajane wa kuheshimiwa, aliweka kuosha miguu ya watakatifu katika orodha ya matendo yao mema. Kwa hiyo mama anayekausha miguu ya mumewe hafanyi kazi ya utumwa. Anafanya kazi ambayo Bwana mwenyewe aliifanya.

Lakini kumbukeni wale askari. Walipangwa wawili wawili, na kila mmoja aliangalia na kuangaliwa. Baba akishakauka, mama naye aketi, anyooshe miguu.

Na miguu ya mama?

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Katika nyumba nyingi, ukihesabu gambuti utakuta za baba, utakuta za kijana, utakuta hata vidogo vya mtoto. Mama anakamua ng'ombe saa kumi na moja alfajiri kwa kandambili, juu ya saruji iliyolowa. Anakwenda kuchota maji kwa kandambili hizohizo. Anapanda baiskeli kupeleka mboga sokoni nazo bado zipo. Ukimuuliza atasema, "Mimi nimezoea." Ngozi haizoei, dada yetu. Inapasuka tu kimyakimya. Visigino vilivyochanika hadi kutoa damu si pambo la mama mwema.

Hatusemi fedha zipo. Tunasema upangwe utaratibu. Kaeni na baba mapema mwakani, mwezi wa Februari au Machi, kabla baridi haijaingia, mhesabu ni nani anatoka mapema na kwenda mbali, na ni nani hana kabisa. Huyo aanze. Lakini jina la mama liwe ndani ya orodha hiyo, wala lisibaki la mwisho kila mwaka. Akina mama watano wanaoaminiana wanaweza pia kucheza upatu. Kuanzia Februari hadi Juni, kila mwezi mmoja wao anapata gambuti na soksi, na baridi inapofika wote watano wamekwisha kuvaa. Wakibakiwa na chochote, wamtazame mjane aliye jirani.

Kazi ya mwezi huu, basi, ni hii. Usiku wa leo, kabla ya sala ya familia, kila mmoja avue viatu na soksi, na kila mmoja aangaliwe na mwingine: baba na mama, kaka na mdogo wake. Tazameni katikati ya vidole, tazameni visigino, guseni kama pana joto. Haitazidi dakika kumi. Kisha soksi kavu ziwekwe tayari kwa asubuhi.

Kumbukumbu la Torati sura ya 8 inatuambia kwamba kwa miaka 40 jangwani Mungu alitunza hata miguu ya watu wake isipatwe na uvimbe. Aliyekuwa na bahari ya kupasua na mataifa ya kushughulikia hakuona kwamba miguu ni kitu kidogo mno kwake. Basi na tuwaombee wote wanaotoka gizani kututafutia riziki, na tukimaliza kuomba tuwape soksi kavu.

Bwana awalinde ninyi na nyumba zenu katika baridi hii. Hadi mwezi ujao.